Povu la Dakika Tano

Jumatano, saa moja na robo asubuhi, siku ya nne ya Ramadhani, mwaka wa 1944, nilionja maji ya tangi kwa mara ya kwanza nikayatapikia makubadhi ya Mzee Athmani. Ndivyo nilivyoanza kazi. Aliyatazama makubadhi yake, akanitazama mimi, akasema, "Umeambiwa uonje, mwanangu. Hukuambiwa ushibe."

Dama, wewe ndiwe utakayeishika chupa ya kupimia maji kuanzia Jumatatu, na nimeona nikuandikie. Kwa mdomo siwezi. Wajua nilivyo, mtu akinikazia macho maneno yote hunikimbia, lakini kalamu hainikazii macho. Otieno, yule anayetia makaa kwenye boila, hanipi nafasi tangu asikie naondoka. Anasema hajaona mtu akistaafu akiwa na umri wa miaka kumi na saba. "Wazungu wakistaafu hupewa saa," aliniambia jana. "Wewe umeleta ya ukutani, na hiyo pia unaiacha." Saa hiyo ina habari yake, nitaifikia. Mambo ya mshahara na nani alipandishwa cheo siyaandiki, hayana cha kukufundisha.

Kwanza ujue tangi ni la nini. Hapa twafua mashuka ya hospitali na nguo za kambi, na maji ya bomba la mji hayatutoshi. Wakati wa vita meli na askari ndio waliotangulia, sisi tukaachiwa kisima, na mpaka leo twateka hicho hicho. Maji ya kisima cha Changamwe ni magumu. Ukiyatia sabuni hayatoi povu, yatoa utando kama maziwa yaliyokatika. Yakichemka ndani ya boila huacha ukoko kwenye mabomba, kama wali uliosahauliwa jikoni. Ukoko ukinenepa, moto huchoma chuma badala ya maji, mpaka chuma kikaachia. Kwa hiyo maji hupitishwa kwanza ndani ya tangi lenye mchanga wa kijani, na mchanga ule huyanyang'anya ugumu wake. Ukichoka hulishwa maji ya chumvi ili upate nguvu tena, kisha husuuzwa mpaka chumvi iishe. Nani atajua imekwisha? Ulimi.

Mzee Athmani ni mtu wa Jomvu, na tangi hili amelipokea siku liliposhushwa kwenye lori. Miaka yote ulimi ulikuwa wake. Ikifika Ramadhani alikuwa na msaidizi Mkristo wa kumwonjea, lakini msaidizi yule alikwenda jeshini hakurudi. Mama yangu alikuwa akiuza viazi mlangoni, akasikia watafuta mtu asiyefunga. Mimi shule ilikuwa imekatika kidato cha pili, nakaa nyumbani Chaani nikiandika daftari langu na kukimbilia chumbani wageni wakibisha. Mama akanishika mkono mpaka kwenye tangi, kama mtu apelekaye mbuzi.

Siku ile ya kwanza, baada ya kuyaosha makubadhi, nilimwuliza kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "Mzee, si nasikia mpishi huruhusiwa kuonja mchuzi, akatema?"

"Mpishi, ndiyo. Mimi hapa napika nini, mashuka?"

Basi nikawa ulimi wake mpaka mwezi ukaisha. Shika haya. Onja maji ya kisima kwanza, kwa sababu kisima chetu kina uchumvichumvi wake wa asili, na kama hukuujua utasuuza tangi mpaka kiama. Kisha onja yanayotoka chini ya tangi. Yakifanana, funga. Tema nje, kule kwenye mchanga; mtaro ni wa Mzee na ana wivu nao. Usile ndimu asubuhi ya kuonja. Mimi nilikula mara moja, nikaruhusu chumvi ipite, na mashuka ya wodi nzima yakatoka yana mabaka. Mzee hakunigombeza. Alininusa mkono tu, akasema, "Ndimu," akaenda zake.

Idi ilipokwisha nilijua nimemaliza. Nikaenda kuaga. Alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, ameshika mrija wa kioo wa kupimia sabuni karibu kabisa na uso.

"Njoo hapa," aliniambia. "Mstari huu wasemaje?"

"Abee. Wasema kumi na mbili."

"Mimi nauona ukungu. Basi kazi ya ulimi imekwisha, sasa nataka macho."

Nikabaki. Nimebaki mpaka juma hili.

Kazi ya macho ndiyo utakayoifanya kila baada ya saa mbili, kutwa, ukiwa umesimama. Usidanganyike na udogo wa chupa. Kuna siku mvuke na joto la boila hukufanya uone chupa ni mzigo wa kuni. Wateka maji kwenye mfereji wa tangi, ule wa kushoto. Ule wa kulia ni wa bomba la mji, maji yake laini tangu yalikotoka, usiuguse. Wajaza mpaka alama. Watia sabuni ya kipimo kutoka kwenye mrija, kidogo kidogo, waziba, watikisa kwa nguvu, kisha walaza chupa ubavu. Kama povu halikukaa, ongeza. Likikaa, ngoja. Povu lazima lifunike maji yote dakika tano bila kupasuka katikati. Hapo ndipo wasoma mrija na kuandika. Tangi likiwa na afya, sabuni inayotumika ni kidogo sana. Ikipanda, mwambie Mzee alilishe chumvi.

Na sasa jambo la maana kuliko yote. Lipo povu la uongo. Kiangazi kisima kikishuka, maji hubadilika, na povu husimama mapema, jeupe, zuri, ukaapa limefika. Ukiliacha litimize dakika zake huanza kutoboka. Ukiongeza sabuni kidogo hufa kabisa, na itakubidi utie nyingi sana ndipo lije la kweli. Mzee alinionyesha mara nyingi. "Hili," alisema akigonga kioo kwa ukucha, "ni kama mgeni mwenye maneno matamu. Mpe kiti umngoje. Dakika tano zikipita utajua alikuja kwa nini."

Tatizo letu lilikuwa dakika zenyewe. Saa unayoiona ukutani haikuwako. Saa pekee ilikuwa ofisini kwa Bwana Meneja, na ofisini kwake mimi sikuwa naingia ila niitwe. Mzee alikuwa na njia yake. Alisoma sura ya Tabaraka kwa moyo, mwanzo mpaka mwisho, bila haraka. Mhandisi aliyelileta tangi alikuwa amempima kwa saa yake ya mfukoni, akacheka, akasema haipungui dakika tano.

"Na nyinyi kanisani," aliniuliza, "hamna kitu mkijuacho kwa moyo?"

Nikamwambia upo wimbo wenye beti sita.

"Mrefu?"

"Watu husinzia, Mzee."

"Ndio huo."

Tukalaza chupa, tukaanza pamoja, yeye Tabaraka na mimi wimbo wangu, midomo ikienda bila sauti. Otieno alipita na toroli lake la makaa akasimama. "Leo boila imekufa?" akauliza. "Mbona mnaiombea?" Midomo yetu ikaendelea. Nilipomaliza ubeti wa sita na kuinua kichwa, Mzee alikuwa ndiyo kwanza anajipangusa uso kwa viganja. "Zimelingana," akasema. Tangu siku hiyo dakika tano zangu zilikuwa beti sita. Mwaka mmoja na zaidi zilifanya kazi vizuri. Povu la uongo nililinasa mara nyingi, kiangazi cha kwanza chote, na kila mara Mzee alisema, "Ahsante, macho yangu."

Januari mwaka huu kanisani tuliletewa mwalimu mpya wa kwaya, kijana mwenye saa ya mkono na subira ndogo. Alitusikiliza wimbo mmoja tu akashika kichwa. "Mwaimba kama mwabeba jeneza," alisema, "na jeneza lenyewe limewashinda." Akaanza kutuchapuza. Kila Jumanne jioni alipiga mguu sakafuni, na kila juma mguu ulikwenda kasi kuliko juma lililopita. Mimi huimba safu ya nyuma, nyuma ya mtu mnene, na nilifurahi kwa sababu mazoezi yaliisha mapema.

Sikuunganisha mambo mawili haya. Wimbo ukishabadilika kinywani hubadilika na moyoni, na mwenyewe hujui. Kila saa mbili nililaza chupa, nikaimba beti zote sita, sikuruka hata neno, nikaandika: laini.

Lakini nimenuia kukuandikia kweli, na kweli haiishii hapo. Mwezi wa pili mama mmoja wa upande wa kufulia alinipitia akaniambia sabuni yaliwa sana siku hizi na mashuka yatoka ya kijivu. Nikamwambia daftari lasema laini. Siku nyingine nilipokuwa nasuuza chupa niliona povu limetoboka katikati kabla sijalimwaga. Nilisimama nikalitazama. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, ilikuwa kipimo cha mwisho cha siku, na kumwambia Mzee kungekuwa na maana ya kuanza upya. Nikalimwaga. Haya sijamwambia mtu yeyote mpaka juma lililopita.

Jumanne ya juma lililopita, saa nane mchana, bomba moja la boila liliachia. Nilisikia kishindo, kisha mluzi, kisha Otieno akipiga kelele kwa lugha yao. Alitoka ndani ya mvuke akiushika mkono wake wa kushoto. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Mzee Athmani ndiye aliyefunga maji na kuutoa moto, na macho yake yale ya ukungu. Mimi nilisimama na chupa mkononi.

Walipolikata bomba, ukoko ndani yake ulikuwa mnene kama kidole changu cha mwisho. Bwana Meneja akatuita ofisini, Mzee na mimi. Kipande cha bomba kilikuwa juu ya meza, na daftari langu limefunguliwa kando yake. Nilitazama sakafu.

"Daftari nasema laini," alisema Bwana Meneja. Huyo Kiswahili chake ni cha kuagiza chai, lakini hasira huiongea vizuri. "Laini, laini, laini, miezi mitatu. Bomba nasema hapana. Nani mwongo?"

Akaligonga daftari kwa kidole, akamgeukia Mzee.

"Huyu msichana nasoma shule. Yeye naandika kile yeye naona. Wewe mzee, wewe nateka maji ya kupima?"

"Asubuhi huwa namtekea, Bwana. Mchana huteka mwenyewe."

"Mfereji gani?"

"Wa tangi."

"Macho yako mbovu. Wewe nateka ya bomba la mji. Au macho si mbovu, wewe nachoka kulisha tangi chumvi, wewe nadanganya mtoto."

Mzee Athmani alizishika funguo kiunoni. Kisha akasema polepole, "Bwana, mifereji ile naijua kwa mkono. Hata usiku naijua." Hakuinua sauti. Hakunitazama. Laiti angenitazama labda ningesema kitu.

"Kesho asubuhi wewe leta funguo," alisema Bwana Meneja. "Mimi natafuta mtu mwingine."

Funguo zile ni za ghala la chumvi na za nyumba ya tangi. Zimening'inia kiunoni mwake miaka yote, hata kikoi chake kimechakaa mahali pale. Kwake hazikuwa kazi tu. Kuondolewa kwa uzee mtu huvumilia, lakini yeye alikuwa anaondolewa kwa jina la mwongo, na Jomvu ni mji mdogo, habari ingemfika msikitini kabla yake.

Tulipotoka nje alitembea nami mpaka getini. Akaniuliza swali moja tu.

"Kadzo, ulizisoma beti zote?"

"Zote sita, Mzee. Wallahi."

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe Mkristo waapa wallahi? Tumekuharibu." Kisha akasema, "Basi mimi sina neno. Kama ulizisoma zote, itakuwa ni mkono wangu umezeeka." Akaenda zake, na mimi nikabaki getini nikiwa nimesema kweli tupu na bado nimesikia aibu.

Jioni ile ile ilikuwa ya kwaya. Nilikwenda kwa sababu nyumbani Mama angeniuliza nina nini. Tukaimba wimbo ule. Tulipomaliza mwalimu akaitazama saa yake ya mkono na uso wake wote ukafunguka.

"Mwajua nini? Nilipokuja, wimbo huu mliumaliza kwa dakika tano na ushei. Leo tatu na nusu!" Akapiga makofi. "Sasa hii ni kwaya!"

Wote wakashangilia. Mimi nilikaa chini. Yule mtu mnene aliyekuwa mbele yangu akageuka akaniuliza kama ni joto. Nikasema ndiyo, ni joto.

Nilirudi Chaani kwa miguu nikiuimba upya, kimoyomoyo, kwanza wa sasa, kisha nikijaribu kukumbuka ule wa zamani, wa kusinzia. Sikuweza tena kuupata. Ulikuwa umeondoka kabisa. Mama alinipa ugali, nikaula wote ili asiulize. Nilijiambia mengi. Kwamba Mzee amezeeka kweli. Kwamba macho yake yangemwondoa mwaka huu au ujao. Kwamba mimi nikisema nitatazamwa na watu wote, na huenda wasinielewe. Lile la mwisho, la kutazamwa, ndilo lililonitisha zaidi, naandika haya kwa aibu.

Asubuhi yake nilifika kabla ya king'ora. Nilichukua chupa, mrija na sabuni ya kipimo, nikateka maji mfereji wa kushoto, nikavipeleka vyote ofisini juu ya kifuniko cha sanduku. Mzee Athmani alikuwa amesimama mlangoni amevaa kanzu, si nguo za kazi, na funguo amezishika. Nikampa shikamoo. "Marahaba," akasema, "hiyo chupa waipeleka wapi?" Nikapita bila kumjibu. Sijawahi kumfanyia hivyo.

Bwana Meneja aliinua macho. Nilikuwa nimepanga maneno usiku, yakanikimbia yote, basi nikafanya ninachokijua. Niliweka chupa juu ya meza, nikatia sabuni, nikatikisa, nikalaza. Povu likasimama, jeupe, limefunika kila mahali.

"Laini," alisema. "Sasa nini?"

Nikanyoosha kidole kwenye saa yake ya ukutani. Kisha nikauimba wimbo, kwa sauti, kwa mwendo wa mwalimu wa kwaya. Beti zote sita. Sauti yangu ni mbaya nikiimba peke yangu. Bwana Meneja alinitazama kama anayemtazama mwenye wazimu, na Mzee akasogea ndani. Nilipomaliza, povu lilikuwa bado limesimama.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikiandika, Bwana," nilisema. "Dakika tatu na nusu. Sikujua kwamba wimbo umefupika. Lakini mwezi wa pili niliona povu limetoboka nikalimwaga. Hilo nilijua. Mzee hajadanganya mfereji wowote."

Alifungua mdomo aseme. Mzee Athmani akamwahi. "Tungoje, Bwana," alisema kwa upole. "Bado halijatimia."

Tukangoja, watatu, tukiikodolea chupa. Dakika ya nne ilipotimia tundu dogo lilifunguka katikati, kama jicho. Likapanuka. Kabla mshale haujafika dakika ya tano maji yalikuwa uchi, yamebaki mapovu machache pembeni mwa kioo.

Bwana Meneja alizitazama funguo zilizokuwa mkononi mwa Mzee. Kisha akaashiria kwa kidevu: rudi nazo. Hakusema samahani, na sidhani Kiswahili chake kina neno hilo. Mimi aliniambia nimfundishe mwingine mpaka Jumamosi ya juma lijalo, kisha niende. Mzee akasema, "Bwana, mtoto huyu—" na Bwana Meneja akasema hapana.

Nikaomba kitu kimoja. Niliomba saa. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliinuka mwenyewe akaitoa kwenye msumari.

Nje, Otieno alikuwa amekaa kwenye toroli lake, mkono umefungwa kitambaa. Nilimwambia yeye pia. Aliutazama mkono uliofungwa, kisha akasema, "Kumbe kanisa ndiyo iliniunguza," akanishikia msumari kwa mkono wake mzima nilipokuwa naugonga ukutani. Mzee Athmani alivua kanzu yake, akaikunja, akafunga kikoi, akatundika funguo kiunoni.

Ilikuwa saa mbili kamili. Nikateka maji, nikatikisa, nikalaza chupa chini ya saa, nikangoja dakika tano. Kisha nikafungua daftari, nikapiga mstari juu ya miezi mitatu ya mwandiko wangu, ukurasa kwa ukurasa, nikasaini jina langu pembeni, na chini yake nikaandika kipimo cha asubuhi ile: magumu.